Je, kisukari kinapona? Jibu refu kwa wanaoniuliza

Mtu akiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari, swali linalomtoka kabla hata hajauliza habari za dawa huwa ni moja: je, ugonjwa huu unapona? Ni swali la haki kabisa, na anayeuliza anastahili kujibiwa kwa ukamilifu. Bahati mbaya, majibu anayokutana nayo huku kwetu ni mawili tu. Kliniki humwambia kwamba kisukari hakiponi na kwamba atameza vidonge maisha yake yote, kisha mgonjwa anayefuata huitwa. Akitoka nje ya geti, au akifungua simu yake, hukutana na muuzaji wa dawa ya unga au ya maji anayemhakikishia kwamba kinapona kabisa, tena kwa muda mfupi, mradi alipe. Mimi ninaishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi sasa, mdogo wangu wa kiume naye alikipata, na kadiri nilivyosoma na kuona ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba majibu yote mawili yanawaumiza watu. La kwanza humnyima mgonjwa mpya habari ambayo ingeweza kubadilisha maisha yake, na la pili humtoa kwenye matibabu yanayomweka hai.

Lazima kwanza tutenganishe, kwa sababu jina moja la kisukari limebeba magonjwa zaidi ya moja. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili huzishambulia na kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, yaani homoni inayowezesha sukari kutoka kwenye damu na kutumika mwilini. Seli hizo zikishakufa, hakuna chakula, mazoezi wala mmea unaozifufua. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya kila 10 duniani, insulini ipo, lakini mwili hauiitikii ipasavyo na kongosho huelemewa mwaka hadi mwaka. Anayejibu swali la kupona bila kuuliza kwanza ni aina ipi anajibu asichokijua.

Kuhusu aina ya kwanza, hatuhitaji kukisia nini hutokea mgonjwa akitibiwa kwa chakula peke yake, kwa sababu dunia imeshalijaribu jambo hilo. Kabla insulini haijapatikana, daktari Frederick Allen wa Marekani na wenzake waliwatibu watoto kwa kuwapunguzia chakula mpaka ukingoni mwa njaa. Ni kweli kwamba sukari kwenye mkojo ilipungua na maisha yakarefuka kidogo, lakini watoto walikonda wakabaki mifupa, na hatimaye walikufa, wengine kwa kisukari na wengine kwa njaa yenyewe. Elizabeth Hughes, binti wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wa wakati ule, alipelekwa Toronto mwezi Agosti 1922 akiwa anakaribia kutimiza miaka 15, na uzito wake ulikuwa kilo 20 hivi. Katika mji huohuo, Januari ya mwaka huo, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa mtu wa kwanza kudungwa insulini iliyopatikana kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Elizabeth alianza sindano, akarudisha mwili, akasoma chuo, akaolewa, akazaa, na akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Hakupona hata siku moja, kwani alijidunga mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini aliishi maisha kamili ambayo mlo wa njaa usingempa kamwe.

Nimeisimulia habari hiyo kwa kirefu kwa sababu hata leo wapo wazazi wanaoshauriwa, na watu wanaoaminika katika jamii, kumwachisha mtoto sindano na kumpa dawa ya kunywa ili mwili usizoee insulini. Mtoto wa aina ya kwanza akikosa insulini, damu yake hujaa asidi ndani ya siku chache. Hutapika, hupumua kwa nguvu na kwa haraka, hulegea, kisha huzimia, na kwa asiyejua dalili zote hizo hufanana na malaria kali. Kuna mama mmoja kutoka milima ya Lushoto niliyekaa naye benchi moja kliniki, ambaye nyumbani kwake hakuna umeme wala jokofu. Alinieleza anavyotunza insulini ya mwanawe: chupa huziweka ndani ya kikopo chenye mfuniko, kikopo hukiweka ndani ya chungu kidogo, na chungu kidogo hukaa ndani ya chungu kikubwa, katikati yao kukiwa na mchanga ambao huumwagia maji asubuhi na jioni, navyo vyote viko kivulini panapopita upepo. Maji yakikauka taratibu, chungu cha ndani hubaki cha baridi. Mama huyo hana haja ya kuambiwa kuhusu tiba ya miujiza. Haja yake ni kwamba chupa zisikosekane dirishani mwezi ukifika.

Utafiti wa kuiponya aina ya kwanza unaendelea, na haki yake tuitoe. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya watu 12 waliopandikizwa seli za kutengeneza insulini zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine, na 10 kati yao hawakuhitaji tena kujidunga ilipotimia mwaka mmoja. Hata hivyo wanalazimika kumeza dawa za kudhoofisha kinga ya mwili ili seli hizo zisishambuliwe, jambo lenye hatari zake. Hiyo ni habari ya hospitali kubwa za ng'ambo na bado haijawa tiba ya kawaida hata huko. Na kwa hali yoyote haina uhusiano na mtindo wa maisha.

Sasa nije kwenye aina ya pili, ambako jambo lina utajiri zaidi na ambako nadhani tunapoteza watu bila sababu.

Kwa miongo mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba aina ya pili ni ugonjwa wa kwenda mbele tu: leo kidonge kimoja, kesho viwili, mwishowe sindano. Mwaka 2008 Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alitoa hoja tofauti. Alisema kwamba mtu anapokula kuliko anavyotumia kwa miaka mingi, na mafuta yakakosa mahali pa kukaa chini ya ngozi, huanza kujazana kwenye ini. Ini lenye mafuta huacha kuisikia insulini, kwa hiyo huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata usiku wakati mtu amelala na hajala kitu, na ndiyo maana wagonjwa wengi hushangaa kuamka na sukari ya juu kuliko waliyolala nayo. Ini hilohilo husafirisha mafuta ya ziada, mengine hufika kwenye kongosho, na seli za insulini zikizungukwa na mafuta huzubaa. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba seli hizo, katika miaka ya mwanzo, huwa hazijafa. Mwaka 2011 alichapisha matokeo ya watu 11 waliokula kalori 600 hivi kwa siku kwa wiki 8. Sukari yao ya asubuhi ilirudi katika kiwango cha kawaida ndani ya siku 7, na mafuta ya ini na kongosho yalionekana kwenye picha yakipungua.

Watu 11 ni wachache mno kwa kujenga hoja. Kwa hiyo Taylor, pamoja na Profesa Mike Lean wa Glasgow, walianzisha utafiti mkubwa zaidi uitwao DiRECT, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka Desemba 2017. Walishiriki watu 306 kutoka Uskochi na eneo la Tyneside, wote wakiwa na kisukari kisichozidi miaka 6 na wote wakiwa na uzito uliozidi, na hakuna aliyekuwa anatumia insulini. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliacha vidonge vya sukari na vya presha siku ya kwanza, chini ya uangalizi, wakatumia kwa miezi 3 hadi 5 mlo wa kunywa wenye kalori zipatazo 825 hadi 853 kwa siku, kisha wakarudishwa kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua huku wakifuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, watu 46 kati ya kila 100 wa kundi hilo hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Katika kundi la matibabu ya kawaida walikuwa 4 tu kati ya 100. Waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86 kati ya 100 walifika huko. Aliyeongezeka uzito hakufika hata mmoja.

Mwaka 2021 vyama vya wataalamu wa Marekani na Ulaya vilikubaliana namna ya kuipima hali hiyo: kipimo cha wastani wa sukari, kile kinachoandikwa HbA1c kwenye karatasi ya maabara na ambacho huonyesha miezi 2 hadi 3 iliyopita, kiwe chini ya 6.5 kwa mia kwa muda usiopungua miezi 3 tangu mtu aache dawa zote za sukari. Wataalamu hao waliamua kwa makusudi kutoiita kupona. Ugonjwa umetulia, uwezekano wa kurudi haujaondoka.

Ukweli huo wa kurudi lazima usemwe kwa sauti ileile inayotangaza mafanikio. Kufikia mwaka wa 2 wa DiRECT, waliobaki bila dawa walikuwa 36 kati ya 100. Kati ya wale waliokuwa wametulia mwaka wa 2 na wakaendelea kufuatiliwa, ilipofika mwaka wa 5 karibu robo tu ndio walikuwa bado hivyo, na sababu kubwa ilikuwa uzito kurudi. Wapo wanaozitumia takwimu hizo kusema kwamba juhudi yote ni bure. Siafiki. Hata waliorudi kwenye dawa walikuwa wamepata miaka ambayo macho, figo na mishipa ya fahamu havikukaa kwenye sukari ya juu, na utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulikwishaonyesha kwamba kuishusha sukari mapema hupunguza madhara ya mishipa midogo kwa takriban robo. Kila mwaka wa sukari nzuri una thamani yake hata kama hautadumu milele.

Mdogo wangu aligundulika akiwa hana muda mrefu na ugonjwa, kwa kupimwa tu katika zoezi la afya kazini kwake. Alikuwa na kitambi, hakuwa na dalili yoyote. Daktari aliyemwona, ambaye ninamshukuru mpaka leo, hakumpa vidonge tu akamwacha aende. Alimpima kiuno kwa futi, akampa lengo la kilo, na akampangia kurudi kila mwezi. Mdogo wangu aliacha soda na bia, akaacha kula usiku sana, akawa anakwenda kazini kwa miguu, na akapunguza chakula kwa kiasi ambacho mkewe alidhani anaumwa. Baada ya kushuka uzito mwingi, daktari alimtoa kwenye metformini, vidonge vya kushusha sukari, na vipimo vilivyofuata vilibaki chini ya mstari. Dada, aliniambia, mbona wewe hawakukuambia haya?

Kwangu mimi haikuwa hivyo, na hapo ndipo penye sababu ya kuandika. Nilipogundulika, hakuna aliyenieleza kwamba miaka ya mwanzo ina uzito kuliko miaka mingine yote. Nilipewa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa na vidonge. Nilipoanza kupunguza uzito kwa dhati, ugonjwa ulikuwa umekaa muda mrefu na kongosho limechoka. Dozi zangu zimepungua, presha imetulia, miguu imeacha kuwaka moto usiku, lakini nikiacha dawa sukari hupanda. Mimi kwangu kisukari kimedhibitiwa, kwa mdogo wangu kimetulia, na tofauti yetu kubwa si nidhamu wala imani, bali ni muda.

Tofauti nyingine ni aina ya mwili, na hapa nawaomba wasomaji wasinielewe vibaya. Si kila mwenye aina ya pili ni mnene. Taylor mwenyewe aliwapima watu 20 wenye uzito wa kawaida au uliozidi kidogo tu, na 14 kati yao walitulia baada ya kupunguza uzito, jambo linaloonyesha kwamba kila mtu ana kiwango chake cha mafuta ambacho mwili hukivumilia. Lakini watafiti nchini Uganda wameeleza juu ya wagonjwa wapya wenye uzito wa kawaida ambao tatizo lao kuu ni kwamba kongosho hutoa insulini kidogo, na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuitambua aina ya tano, ile inayohusishwa na utapiamlo wa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo, aliyekonda na anayeendelea kukonda, kumwambia apunguze kula ni kumdhuru. Anahitaji vipimo, chakula cha kutosha, na pengine insulini. Ndiyo maana huwa sipendi kusikia mtu akimpa jirani yake mlo uliomfaa yeye bila kujua jirani huyo ana mwili gani na ugonjwa gani.

Kwamba mtindo wa maisha ndio uliotufikisha hapa halina ubishi mkubwa. Utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 na kundi la Profesa Donald McLarty wa Muhimbili ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya kila watu wazima 100. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 kati ya kila 100 wenye miaka 25 hadi 64. Hata tukizingatia kwamba maeneo na namna za kupima hazikufanana, damu ya Watanzania haikubadilika katika muda huo mfupi. Kilichobadilika ni jembe kuachwa, bodaboda kufika mpaka mlangoni, mafuta ya kula kuwa mengi, na soda kuwa kinywaji cha mgeni na cha mwenyeji.

Katika mashauri ya chakula kuna desturi moja ninayoipinga waziwazi, nayo ni ya kuhamisha lawama kutoka kwenye kiasi kwenda kwenye aina. Wagonjwa huambiwa waache ugali wa sembe wale wa dona, na wengi huondoka wakiamini kwamba dona haipandishi sukari, kwa hiyo hukata tonge zilezile, sahani ileile iliyojaa. Dona ni bora, kwa kuwa ina nyuzinyuzi na virutubisho zaidi, lakini bado ni wanga. Mashine ndogo ya kupima sukari ilinifundisha hilo mezani kwangu. Nilipokula bonge kubwa la ugali wa dona na mchuzi, nikapima baada ya saa mbili, sukari ilipanda kwa namna iliyonitisha. Nilipokula kipande cha ukubwa wa ngumi yangu, kwa dagaa, maharage na matembele yaliyojaa nusu ya sahani, tena nikianza na mboga na samaki, ilipanda kidogo tu. Nilijaribu hivyo kwa wali wa nazi, kwa mihogo, kwa ndizi mbichi, na kwa uji wa ulezi ambao watu huuita uji wa wagonjwa wa sukari ilhali huipandisha sukari damuni upesi kama ulivyo uji mwingine, hasa ukisagwa laini na kunywewa bakuli kubwa. Ninayeweza kumnunulia zawadi mgonjwa mpya humnunulia vijiti vya kupimia, kwa sababu hakuna mhadhara unaoshinda namba ambayo mtu ameiona kwenye kidole chake mwenyewe.

Kwa watu wa pwani kama sisi wa Tanga, mwezi wa Ramadhani nao ni darasa. Mfungo huweza kuwa mwanzo mzuri wa kupunguza uzito, lakini futari ya tende, mihogo ya nazi, maandazi, tambi za sukari na juisi, yote kwa mkupuo mmoja, hurudisha kila kilichopatikana mchana. Na anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi asifunge wala asipunguze chakula ghafla kabla hajapangiwa dozi upya, kwa maana dawa hizo huendelea kuishusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, huchanganyikiwa, na akiwa peke yake anaweza kufa. Onyo hilo linamhusu pia kila atakayesoma habari za DiRECT hapo juu na kutaka kuanza kesho. Wale watu 306 walikuwa na daktari na nesi wanaowafuatilia.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu dawa za asili, na siwezi kuzikwepa. Wote tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni za magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, kwa matumaini kwamba kisukari, UKIMWI na saratani vingeondoka. Siwalaumu waliokwenda. Walikuwa wameambiwa kliniki kwamba hakuna tumaini, na mtu hawezi kuishi bila tumaini. Lakini kisukari ni ugonjwa ambao kupona kwake hupimika kwa tone la damu, na baada ya kikombe kile vipimo viliendelea kusoma vilevile kwa wagonjwa niliowafahamu. Uwatu, mdalasini, mlonge na karela vimefanyiwa utafiti, na baadhi huonyesha kushusha sukari kidogo. Hakuna hata kimoja kilichothibitika kuwaachisha watu dawa, na vinapochanganywa na vidonge bila daktari kujua vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Metformini yenyewe ina asili ya mmea, kwa maana ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyetangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Tofauti yake na dawa ya chupa isiyo na lebo ni kwamba kipimo chake kinajulikana, madhara yake yanajulikana, na imefuatiliwa kwa watu wengi kwa miaka mingi.

Kwa wale ambao bado hawajaugua lakini sukari yao imeanza kusogea juu, habari ni njema kuliko zote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234, ulionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Mwenye kilo 80 anazungumziwa kilo 5 au 6 tu.

Na kwa waliotulia, neno langu la mwisho ni la kliniki. Mdogo wangu amekataa kufutwa kwenye daftari la wagonjwa, na amefanya vizuri. Kila mwaka hupimwa HbA1c, hupigwa picha ya nyuma ya jicho, hupimwa mkojo kuangalia protini ya figo, na huguswa nyayo kwa uzi mwembamba kuona kama bado anahisi, kwa sababu madhara yaliyoanza kabla ya sukari kushuka yanaweza kujitokeza baadaye, na kwa sababu uzito hurudi kimyakimya. Baada ya msimu wa harusi katika familia yetu uzito wake uliongezeka na sukari ya asubuhi ikaanza kusogea. Kwa kuwa alikuwa anapima, aliiona mapema, akarudi kwenye kiasi chake cha chakula, na ikashuka tena bila kidonge. Ninachowaomba madaktari na manesi wa kliniki zetu ni kwamba mgonjwa mpya wa aina ya pili mwenye uzito uliozidi asiondoke siku ya kwanza bila kupimwa kiuno, kupewa lengo la kilo, kuelezwa kwamba miaka hii ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa, na kuandikiwa tarehe ya kurudi mezani kwa mtu yuleyule.